Nimeweka difu ya 4.444 kwenye WRX yenye turbo: njooni tuhesabu kabla hamjanunua za kwenu

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Hili jambo nimekaa nalo miezi kadhaa, leo naliweka mezani. Kila baada ya siku chache kuna mtu anauliza: nina Impreza ya turbo, nataka lichanganye haraka, niweke difu ya Subaru Forester? Na jibu huwa ni lile lile: weka 4.4, utakuja kunishukuru. Mimi niliweka. Kuna nilichopata na kuna nilichopoteza, na vyote viwili ningeweza kuvijua kwa kalamu na karatasi kabla sijatoa hata shilingi.

Gari langu ni Subaru Impreza WRX, injini EJ205, gia tano za mkono. Gia zake ni 3.454, 1.947, 1.366, 0.972 na 0.738, na difu ya mwisho ilikuwa 3.9. Tairi 205/55R16. Naishi Mbeya, na mara moja au mbili kwa mwezi nashuka Dar kikazi.

Kwa mgeni wa mambo haya: difu ni seti ya gia za mwisho zinazopeleka nguvu kwenye tairi, na namba yake ni idadi ya meno ya krauni (gia kubwa ya ndani) ukigawa kwa meno ya pinioni (gia ndogo inayoizungusha). Krauni yenye meno 39 na pinioni yenye meno 10 inakupa 3.9, maana yake propela shafti (chuma kirefu kinachopeleka mzunguko kwenye difu) inazunguka mara 3.9 ndipo tairi lizunguke mara moja. Ya 4.444 ni meno 40 kwa 9. Namba ikiwa kubwa, injini inazunguka zaidi kwa mwendo ule ule wa gari, na tairi linapata msukumo mkubwa zaidi. Kutoka 3.9 kwenda 4.444 ni ongezeko la asilimia 14 kwa kila gia, kuanzia ya kwanza hadi ya tano.

Hiyo asilimia 14 ndiyo inayouzwa vijiweni, na si uongo. Ila ni nusu ya habari.

Nusu nyingine ni hii. Tairi la 205/55R16 likizunguka mara moja linatembea kama mita 1.985. Chukua mizunguko ya injini, zidisha kwa 1.985, zidisha kwa 60, gawa kwa 1,000, halafu gawa kwa gia na kwa difu. Unapata kilomita kwa saa. EJ205 mstari wake mwekundu, yaani mwisho wa mizunguko kwa dakika, ni 7,000, kwa hiyo tuone kila gia inaishia wapi:

Gia ya kwanza: 62 kwa difu ya 3.9, 54 kwa 4.444.
Gia ya pili: 110 kwa 3.9, 96 kwa 4.444.
Gia ya tatu: 156 kwa 3.9, 137 kwa 4.444.

Iangalieni hiyo gia ya pili. Kwa difu ya zamani nilikuwa nafika 100 nikiwa gia ya pili, mshale haujagusa hata nyekundu. Kwa difu mpya gia ya pili inakufa kwenye 96. Ili nifike 100 lazima nikanyage klachi, niingize ya tatu, na kwenye gari la turbo kukanyaga klachi si sekunde za mkono peke yake. Ukiachia mafuta busti (mgandamizo wa hewa ambayo turbo inaisukuma kwenye injini) inamwagika, turbo inapungua kasi, na ukirudi kwenye mafuta inabidi ijaze upya intakula (kipozeo cha hewa ya turbo) na mabomba yote. Kwa hiyo ule wepesi nilioupata gia ya kwanza na ya pili niliulipa wote pale kwenye 96. Nimepima kwa simu mara nyingi, barabara ile ile, saa zile zile za asubuhi, na sikupata tofauti ninayoweza kuiapia kutoka 0 hadi 100. Na bado mgongoni gari linahisika jepesi mno! Mgongo unasikia msukumo wa mwanzo, hausikii muda.

Sasa kuna jambo linalohusu turbo hasa, ambalo gari lisilo na turbo halina. Turbo ni gurudumu linalosukumwa na moshi, lina uzito wake, na kulipandisha kasi kunataka muda. Mizunguko ya injini peke yake haitoshi. Mtazame geji ya busti: kwenye gia ya kwanza ukikanyaga mwisho, unafika kwenye nyekundu kabla mshale wa busti haujamaliza safari yake. Kwenye gia ya tatu, kwa mizunguko ile ile, busti inajaa mapema kabisa. Injini ni ile ile na turbo ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba gia ya tatu ina mzigo zaidi, injini inapanda polepole, moshi unapata nafasi ya kufanya kazi.

Difu ya namba kubwa inaharakisha injini kupanda. Msukumo unaongezeka asilimia 14 na mwendo wa kuvuka ndani ya gia unapungua karibu asilimia 12, kwa hiyo muda unaokaa ndani ya gia moja unashuka hadi karibu asilimia 77 ya ule wa zamani. Turbo yako imenyang'anywa karibu robo ya muda wake. Kama turbo ni ndogo ya kiwandani haitakuuma sana. Kama umefunga turbo kubwa inayoamka kwenye 4,500, gia ya kwanza inageuka ya kuondokea tu.

Ndiyo maana viwanda vyenyewe huenda kinyume na vijiwe. Toyota Supra ya A80 iliyouzwa Marekani, ile isiyo na turbo ya gia tano ilikuwa na difu ya 4.272. Yenye turbo mbili na gia sita ilipewa 3.133. Ukizidisha na gia ya kwanza, isiyo na turbo inapata 14.0 kwa jumla na yenye turbo 12.0. Injini yenye torki (nguvu ya kuzungusha) nyingi haihitaji kusaidiwa na difu, inahitaji nafasi ya kuumimina ule msukumo bila tairi kuteleza na bila dereva kubadilisha gia kila mara. Zile gia sita zilizosogeleana ndizo zinaiweka kwenye busti.

Basi kwa nini bado naendesha 4.444? Nitajibu, ila kwanza nisikie wenzangu.

#2

Mkuu umeniokoa, nilikuwa naenda kulipia kesho. Mimi niko Dar, nina Toyota Mark II ya JZX100, injini 1JZ ya turbo, nimefunga giaboksi R154. Difu niliyo nayo nimehesabu meno, 43 kwa 11. Kuna jamaa ana ya 43 kwa 10 anasema nikiifunga gari litakuwa moto. Nalitumia mjini zaidi, na Bagamoyo siku za wikiendi. Tairi za nyuma 235/45R17.

#3 – Mleta uzi

Kaka, zako ni 3.909 kwenda 4.3, ni asilimia 10.

Tufanye hesabu ile ile. Gia ya pili ya R154 ni 1.955. Kwa tairi hilo na mizunguko 6,800, ya sasa inakufikisha 108. Ukiweka 4.3 inakufikisha 98. Unauona mstari wa 100 tena? Umeuvuka kwa kilomita mbili tu kwenda upande mbaya.

Jingine ni injini yako yenyewe. 1JZ ya VVT-i yenye turbo moja, kwa namba za kiwanda inatoa torki yake ya juu, Nm 378, kwenye mizunguko 2,400. Elfu mbili na mia nne! EJ205 yangu inangoja 4,000. Yaani shida ambayo difu kubwa inaitibu, ya injini kuwa imelala chini, wewe huna. Na wewe unasukumwa na tairi mbili za nyuma. Mvua ya Dar ikinyesha na lami imejaa mafuta ya daladala, hiyo asilimia 10 utaiona kwa tairi kuzunguka pale pale.

Na usisahau saa ya mwendo. Kwenye Mark II kama yako inasoma kutoka mkia wa giaboksi, kabla ya difu. Ukibadilisha difu bila kurekebisha, itasoma asilimia 10 zaidi: wewe uko 91, yenyewe inasema 100. Hata kilomita za kubadilishia oili zitakudanganya.

Ningekuwa wewe ningebaki na 43 kwa 11, hiyo hela nikanunua tairi nzuri za nyuma.

#4

Samahani mleta uzi, naomba nipingane na wewe kidogo, kwa heshima. Unaongea kama difu inaleta nguvu au inaondoa. Mimi ni mtu wa mitambo, nimesomea hayo. Nguvu ya injini haibadiliki kwa difu. Ukichukua mwendo mmoja, tuseme 80, kinachoamua gari litasukumwa kiasi gani ni injini inatoa nguvu kiasi gani wakati huo. Ukiwa na gia za kutosha unaweza kuipata nguvu ile ile kwa kushusha gia. Sasa mtu anayeshindwa kulipita lori, kwa nini asirudishe gia ya pili tu?

#5 – Mleta uzi

Mkuu, hujanipinga, umesema kitu ambacho nilikuwa natafuta namna ya kukisema.

Nikiwa nyuma ya lori kwa 60, gia ya tatu, difu ya 3.9: injini iko 2,680. Turbo yangu hapo bado imelala. Kwa 4.444 iko 3,060, na hapo mshale wa busti unaanza kunyanyuka. Hiyo ndiyo tofauti ambayo kila mtu anaisifia, na ni kweli ipo. Lakini kwa ile ile 3.9, nikirudisha gia ya pili, injini iko 3,825. Imeshafika nyumbani. Kuirudisha gia hakugharimu kitu, na kunanipa zaidi ya kile nilichonunua.

Difu haileti nguvu, wakuu. Inahamisha mahali busti inapoishi kwenye mwendo wa gari. Kabla ya kununua, jiulize: mwendo gani unakukera? Andika kwenye karatasi: gia gani, kilomita ngapi, mizunguko mingapi. Kama kuna gia nyingine inayoiweka injini mahali pazuri kwa mwendo huo, tatizo lako si difu.

Kilichobaki ndicho kilichonifanya niweke: mahali ambapo hakuna gia ya kurudisha. Kuondoka. Gia ya kwanza huna ya chini yake.

Sisi huku Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ya hapa mgandamizo wake uko chini karibu asilimia 18 ukilinganisha na pwani. Watu husema turbo haijali mwinuko. Inajali sana kabla haijaamka! Mpaka busti ianze, gari la turbo ni gari la kawaida lenye injini ndogo na hewa nyepesi, na EJ205 kiwandani imepunguzwa mgandamizo wa ndani ya silinda ili ivumilie busti, kwa hiyo bila turbo ni nzito kuliko injini isiyo na turbo ya ukubwa ule ule. Ikianza nayo, kazi ni kubwa zaidi. Pwani, ukitaka bar 1 ya busti, turbo inaigandamiza hewa mara 2. Huku kwetu ukitaka hewa ile ile ifike kwenye injini lazima igandamizwe mara 2.4. Inachelewa zaidi kuamka.

Kwa hiyo gari lile lile, difu ile ile ya 3.9: nikiwa Dar naondoka vizuri, nikiwa Uyole hapa Mbeya natoka kwenye kimwinuko nikiwa na watu wanne, lazima nichezee klachi. Nilichoma klachi moja hivyo. Kwa 4.444 naondoka kama mtu. Hapo sina majuto.

#6

Naomba kuuliza, mimi ni dada, niko Arusha. Nina Forester ya turbo, SG5, otomatiki, difu ni 4.444. Naenda Dar karibu kila mwezi na mafuta yananimaliza. Fundi wangu ananiambia nitafute difu ya nyuma ya 4.111 ya Legacy, atanifungia, mizunguko itapungua. Ni kweli?

#7 – Mleta uzi

Dada yangu, tafadhali usifanye hivyo. Naandika kwa herufi za kawaida lakini nataka uisikie kama nimepaza sauti: usibadilishe difu ya nyuma peke yake kwenye Subaru.

Gari hili linasukumwa na tairi zote nne. Difu ya mbele imo ndani ya giaboksi, huioni. Ya nyuma iko huko chini ya buti. Zote mbili lazima ziwe na uwiano unaolingana, kwa sababu tairi za mbele na za nyuma zinatembea lami moja. Ukiacha mbele 4.444 na nyuma 4.111, kila wakati unaotembea mbele na nyuma zinagombana kwa asilimia 8. Anayelipia ugomvi ni kile kiungo cha katikati. Kwako ni sahani za klachi ndani ya giaboksi ya otomatiki. Kwangu ni difu ya kati yenye kilainishi kizito cha silikoni. Zitachemka, na zitakufa.

Nalijua kwa sababu limenikuta.

Nilinunua giaboksi ya 4.444 pamoja na difu ya nyuma kutoka kwa muuzaji mmoja wa vipuri vya mitumba. Akanihakikishia ni vya gari moja. Sikuhesabu. Tukafunga Jumamosi, jioni nikalitoa gereji. Barabarani mbele moja kwa moja sikusikia kitu. Nilipofika nyumbani nikakata kona kali kuingia getini, gari likagoma. Linasogea kwa kurukaruka, tairi zinalia kwenye saruji kavu kama mtu anavuta meza, usukani mzito. Nikashuka nikapiga magoti, chini ya giaboksi kuna joto la ajabu na harufu ya kuungua. Kilomita sita tu.

Tukainua gari zima kwa jeki, likakaa kwenye stendi nne. Nikachora alama ya rangi nyeupe kwenye propela shafti na nyingine kwenye tairi la nyuma. Gia ikiwa nyutro, tukazungusha tairi zote mbili za nyuma kwa pamoja, mizunguko kumi kamili, mwanangu akihesabu propela. Ya 4.444 ilipaswa kutoa mizunguko 44 na karibu nusu. Tulipata 41 na kidogo. Ilikuwa 37 kwa 9, yaani 4.111, ya gari la otomatiki. Kwa mzunguko mmoja wa tairi tofauti ni theluthi moja tu ya mzunguko wa propela, jicho halioni. Kwa mizunguko kumi inakupigia kelele.

Tairi moja likizunguka na jingine limeshikwa, basi zungusha mara 20 badala ya 10, kwa sababu difu ya kawaida inagawa nusu. Msije mkachanganya hapo.

Na kuna mtego mwingine ambao nao unaua watu. Ile giaboksi yangu ya zamani ya 3.9, difu yake ya nyuma haikuwa 3.9. Ilikuwa 3.545, meno 39 kwa 11. Ndani ya giaboksi hiyo kuna gia ya kupeleka mwendo nyuma yenye uwiano wa 1.1, na 3.545 ukizidisha kwa 1.1 unapata 3.9. Kwa hiyo mtu anafungua kitabu, anaona 3.9, anaenda kununua difu ya nyuma ya 3.9, anafunga. Ameshaua gari kwa asilimia 10, na karatasi zote zinamwambia yuko sahihi. Hesabu mwenyewe, kutoka mbele hadi nyuma.

Kuhusu mafuta yako dada: hata ukibadilisha giaboksi nzima na difu ya nyuma kwa pamoja kwenda 4.111, mizunguko inashuka asilimia 7 na nusu, mafuta hayatashuka kwa kiasi hicho, na bei ya kazi hiyo utasafiri nayo Dar mara nyingi. Kwanza pima upepo wa tairi. Ukisimama safarini, weka mkono karibu na rimu zote nne, usiguse: kama moja ina joto kuliko wenzake, breki inashika. Halafu mwambie fundi apime sensa ya oksijeni na abadilishe plagi. Anza hapo.

#8

Mimi ni fundi, nafanya difu tu miaka mingi. Naongeza kidogo kwa wale wa Mark II na Chaser wanaobadilisha krauni na pinioni ndani ya nyumba ile ile ya difu.

Krauni na pinioni ni mume na mke, zinasagwa pamoja kiwandani. Tafuta namba iliyochorwa kwenye zote mbili, kama hazifanani usinunue hata ukipewa bure. Zikifungwa, fundi akupimie mchezo kati ya meno kwa geji, na apake rangi ya alama kwenye meno azungushe uone zinagusana wapi. Alama ikae katikati ya jino. Ikiwa pembeni, difu italia. Inaanza kama nyuki kwenye 60, baada ya mwezi inakuwa filimbi, na ikishalia haiponi kwa oili. Anayekwambia "itazoea" anakuaga.

Oili iwe GL-5, daraja la oili ya gia za mzigo mkubwa. Ukishafunga mpya, kilomita mia za kwanza usikanyage hovyo, tembea kidogo uiache ipoe, tena tembea. Turbo inapiga torki kwa ghafla, ndicho kinachovunja meno mapya.

#9 – Mleta uzi

Fundi, asante sana. Hilo la ghafla ni kweli tupu. Gari lisilo na turbo linapandisha torki taratibu, la turbo linaileta kama mlango uliosukumwa.

#10

Swali dogo mkuu. Safari ndefu je? Mbeya–Dar na 4.444 unaionaje?

#11 – Mleta uzi

Hapo ndipo inaponiumiza.

Kwa 100, gia ya tano: difu ya 3.9 injini ilikuwa 2,416. Sasa ni 2,754. Tofauti ni mizunguko 338 kila dakika. Mbeya–Dar ni zaidi ya kilomita 800. Kama barabara ingeruhusu 100 mwanzo hadi mwisho, ingekuwa mizunguko zaidi ya laki moja na sitini elfu ambayo injini inaizunguka bure. Kiuhalisia kuna vijiji vya 50, kuna hifadhi ya Mikumi unatembea kwa adabu ya wanyama, kuna mlima wa Kitonga unakaa nyuma ya malori gia ya pili. Ila kuanzia Chalinze masikio yangu yamechoka. Kuna mvumo ambao haukuwepo. Nilikuwa nafika Dar naongea kwa sauti ya kawaida, sasa mke wangu ananiuliza kwa nini nafoka.

Kupanda Kitonga lakini, haki yake nampa. Gia ya pili, 40, zamani injini ilikuwa 2,550 inakoroma tu. Sasa iko 2,900, inavuta bila kuomba.

Na kuna jambo sikulisema kwenye bandiko la kwanza, nalisema sasa kwa sababu ndilo ningependa mtu angeniambia mapema. Kilichonifanya nitafute difu ni kwamba gari lilikuwa zito. Miezi miwili baada ya kufunga difu, fundi alikuwa anabadilisha plagi, akatoa intakula juu. Ule mpira unaounganisha turbo na intakula ulikuwa na ufa kwa chini, urefu wa kidole kidogo, umefichwa na klempu. Busti ikipanda unafunguka, ikishuka unajifunga, ukiutazama gari likiwa limezimwa huoni kitu. Tukabadilisha mpira. Jioni ile nikapanda kuelekea Mlima Nyoka, na mshale wa busti ulinyanyuka mapema kuliko siku yoyote tangu ninunue gari.

Yaani huenda mpira ulinipa zaidi ya giaboksi na difu kwa pamoja. Siwezi kuzitenganisha sasa, kwa sababu nilianza na difu.

Kwa hiyo, kabla hujafikiria difu: ziba njia ya hewa kwenye kichujio, ingiza upepo wa kompresa kwa bar moja hivi, paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo, tafuta mapovu. Nusu saa.

#12

Kwa hiyo utarudisha 3.9?

#13 – Mleta uzi

Nikiendelea kuishi huku juu, hapana. Nimelipima bila ule ufa, na kwa kuondoka na kwa vilima vya hapa 4.444 inanifaa.

Lakini mwakani nahamishiwa Dar kikazi. Tambarare, usawa wa bahari, hewa nzito. Giaboksi ya 3.9 na difu yake ya 3.545 zipo stoo, nimezijaza oili na kuziba matundu. Nikihama zinarudi chini ya gari, na hii ya 4.444 nitaiuza pamoja na difu ya nyuma ya 40 kwa 9 niliyokuja kuitafuta baada ya yale masaibu. Haziuzwi mojamoja. Atakayezitaka aje kabla sijafungua, aje na rangi nyeupe, tuinue gari tuhesabu pamoja mizunguko kumi, mwanangu atasimama kwenye propela.

#14

Mkuu niwekee hiyo. Niko Iringa.